Hagisi Yangu ya Fittja

Haya mambo nimeyaficha muda mrefu, na hata sasa nikiyasimulia uso unaniwaka, kwa hiyo kama mnataka kunicheka nichekeni mapema, hapa mwanzoni, kwa sababu tukifika mwisho sidhani kama mtaweza.

Chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki hapa Fittja, Uswidi, kina kawaida ya kuwafanyia watoto jioni ya nchi, mwezi huu Brazili, mwezi ule Japani, watoto wanacheza michezo ya huko na kula chakula cha huko, ilimradi watoe macho kwenye simu kidogo. Siku ya kupanga mwenyekiti akauliza nani ana nchi ambayo haijafanywa, na mimi, kwa mdomo huu ambao siku moja utanizika, nikasema Skotlandi. Skotlandi yenyewe sijaikanyaga. Lakini nimezaliwa Thogoto kule Kenya, na Thogoto ni jinsi wazee wetu Wakikuyu walivyolitamka jina la Waskoti, wale wamisionari waliokuja kutujengea kanisa, basi nikawaambia wenzangu kwamba mimi ni Mskoti kuliko hata Waskoti wengine. Watu wakacheka, wakapiga makofi, kazi ikawa yangu.

Sasa niwajulishe Mwanaisha, Mama Salma, mtu wa Tanga, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Wote wawili tunatunza wazee, yeye zamu za usiku, mimi za mchana, na kwa miaka mitatu Salma wake alikuwa akilala kwangu kila mama yake akienda zamu, chumba kimoja na Njoki wangu, wana umri mmoja, wanagombana na kupatana kama mapacha. Mwanaisha ndiye anayenisahihisha Kiswahili changu cha bara (“Mama Njoki, si *kitoto*, ni *mtoto*, hujamzaa kiti”), na Jumamosi anafundisha watoto madrasa. Akina mama wa madrasa hiyo walikuwa hawaleti watoto wao kwenye jioni zetu, kwa sababu chama kimejaa Wakristo na chakula chetu hawakiamini. Safari hii Mwanaisha aliwaendea mmoja mmoja akawaambia leteni watoto, nyama nitakwenda kuinunua mimi mwenyewe na Mama Njoki, nikiwa nimesimama pale bucharini ikikatwa.

Na kweli tulikwenda pamoja kwenye buchari ya halali, tukachukua maini, moyo, nyama ya kondoo na tumbo zima la kondoo, Mwanaisha akilikagua kila pande kama daktari. Kwa sababu hagisi, kwa asiyejua, ni tumbo la kondoo lililojazwa maini na moyo na shayiri na vitunguu, kisha likashonwa na kuchemshwa. Mtu wa kwetu ukimweleza hivyo atakwambia basi hiyo ni mutura tu iliyokwenda shule. Nami ndivyo nilivyojiambia, nikaona kazi ni nyepesi, mutura, ule utumbo wetu wa kujazwa nyama na kuchomwa, nimekula tangu sijaota meno.

Asubuhi ya siku yenyewe nikajifungia jikoni. Nikasaga, nikachanganya, nikaangalia ndani ya beseni, nikakata tamaa. Kile kitu kilikuwa na rangi ya saruji. Nikaonja, haina ladha, shayiri imemeza kila kitu. Mutura ya kwetu ni nyeusi kwa sababu ina damu, na hapo ndipo nilipofungua friji, nikaona kwenye rafu ya chini blodpudding, yale mabonge meusi ya damu na unga wanayoyapenda Waswidi, Njoki aliyazoea shuleni akataka tuyale na nyumbani kwa jamu nyekundu. Nikayavunjavunja yote ndani ya beseni. Rangi ikaja, ladha ikaja, nikajipigia vigelegele peke yangu, nikashona tumbo, nikachemsha.

Mtaniuliza, kwani hukujua? Nilijua ni damu. Ni damu ya mnyama gani, hilo sikujiuliza, na kwamba damu yenyewe, hata iwe ya ng'ombe, Mwislamu haili, hilo nalo nilikuwa nimeishi na Mwanaisha miaka yote hiyo bila kulijua. Nilidhani halali ni jambo la buchari, ukishatoka pale mlangoni limekwisha.

Michezo ilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Sketi zile za Waskoti tulizitengeneza kwa shuka za Kimaasai, miraba myekundu, zikafungwa kwa pini viunoni mwa watoto wa Kenya na Burundi na Kongo, ungesema wamezaliwa nazo. Walirusha gogo (bomba la kadibodi la kuviringia zulia), wakashindana kutupa viatu vya mvua, wakakimbiza kwa mdomo vimikate vilivyopakwa sirapu nyeusi vikining'inia kwenye kamba huku mikono imefungwa nyuma, mpaka nyuso zote zikawa sirapu. Watoto wa madrasa walicheka kuliko wote. Mwanaisha alinifinya mkono akaniambia, “Umeona? Nilikwambia watakuja,” na sijawahi kumwona akiwa na furaha ile.

Ukafika wakati wa chakula. Desturi ya huko ni kwamba hagisi haiwekwi mezani hivihivi, inaingia kama bibi harusi, watu wote wamesimama, zumari zao zile za mfuko zinalia. Basi zumari nikaziweka kwenye simu, nikaiunganisha na spika ya ukumbi, nikaingia na sinia juu kichwani, shuka kiunoni, nikizungushazungusha nyonga (nani aliniambia Waskoti wanazungusha nyonga?), watoto wakapiga makofi. Nikalichana tumbo kwa kisu, mvuke ukatoka, nikagawa kwa vijiko na viazi vya kuponda pembeni.

Watoto wa madrasa hawakugusa. Walimtazama mwalimu wao. Mama mmoja, Mama Zuhura, ambaye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kukubali kuja, akauliza kwa sauti ya upole, “Mwalimu, hiki tule?”

Mwanaisha akachukua kijiko, akasema bismillahi, akaonja. “Kitamu,” akasema. “Kuleni wanangu. Nyama nimeiona mimi kwa macho yangu ikikatwa. Huyu namdhamini kama ninavyojidhamini mwenyewe.”

Wakala. Mama Zuhura naye akala. Mimi nimesimama katikati ya ukumbi, kichwa kimevimba kwa sifa, na hapo Njoki wangu, mdomo umejaa, uso unang'aa kwa furaha, akapaza sauti kwa Kiswidi chake, “Mamma, det är ju min blodpudding!” Ni blodpudding yangu! Akaendelea kwamba ameitafuta mchana kwenye friji na kumbe imekuja huku.

Mngeona watoto walivyosimamisha vijiko. Kwa sababu watoto waliozaliwa hapa, wa dini zote, wanaijua blodpudding, damu yake ni ya nguruwe, siku ikipikwa shuleni watoto Waislamu hupewa sahani nyingine. Ni sisi tulioshuka kwenye ndege tukiwa watu wazima ndio hatujui. Salma akaweka kijiko chini taratibu, akanitazama mimi, si mama yake, mimi, akauliza kwa Kiswidi kama mna nguruwe ndani.

Nami nikafanya jambo ambalo hata leo sijajisamehe. Nikasema, “Njoki, acha uongo.”

Nilimwita mwanangu mwongo mbele ya ukumbi mzima. Akaanza kulia, akasema hasemi uongo, friji iko tupu, aliangalia. Mwanaisha akanisogelea, hakupaza sauti.

“Mama Njoki, umeitia?”

“Nimeitia kidogo tu,” nikasema (nilikuwa nimeitia yote).

Sitaki kuwaelezea sana kilichofuata. Watoto walitema kwenye leso, wengine mezani, kijana mmoja mkubwa akajitia vidole kooni akatapika juu ya shuka, na akishatapika mmoja mnajua watoto walivyo. Wadogo walilia kwa kuwaona wakubwa wanalia. Mama Zuhura alikwenda kusukutua kinywa, akarudi, akawavalisha wanawe makoti bila haraka, zipu moja moja, na zumari zilikuwa bado zinalia kwa nguvu kwenye spika kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzizima, hata mimi. Nilijaribu kumwomba msamaha, akanipita kama nguzo. Kwa Mwanaisha ndiko alikosimama.

“Mwalimu,” akamwambia, “tulikuuliza.”

Basi. Hakuongeza. Ningefurahi kama angenitukana mimi nusu saa nzima kuliko kusikia maneno yale mawili yakienda kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuniamini. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi langu niliwalisha kwa kijiko.

Mwanaisha aliwakusanya watoto wa madrasa waliobaki, akachuchumaa mbele yao, akawaambia asiyejua hana dhambi, Mungu anajua hamkujua, nawaambia mimi mwalimu wenu. Aliwafuta nyuso mmoja mmoja. Watu walipokwisha kuondoka akaja jikoni nilikokuwa nimejificha nikijifanya naosha sinia, akaufunga mlango.

“Mimi hili la leo nitalibeba,” akasema. “Hukujua, nami nilikudhamini bila kukuuliza, nitasema hivyo kwao. Lakini Salma amelala kwako miaka mitatu. Amekula kwako. Niambie tu kwamba kwako hajawahi kula kitu kama hiki.”

Jamani, nilitaka kuapa. Mdomo niliufungua kabisa. Halafu nikaanza kukumbuka, zile soseji za Ijumaa nadhani zilikuwa za kuku, nadhani, na zile peremende laini za Jumamosi, sijui zimegandishwa kwa kitu gani, na supu ya pakiti, na siku nilizochoka nikawaambia chukueni chochote kwenye friji mle. Hakuna pakiti hata moja niliyowahi kuigeuza nyuma nikaisoma. Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure.

“Sijui,” nikasema.

Akaufungua mlango, akatoka. Nilimsikia akimwita Salma, na Salma akimjibu kwa Kiswidi kwamba anataka kumuaga Njoki, na Mwanaisha akimwambia si leo.

Madrasani, Jumamosi iliyofuata, watoto wengi hawakuja darasani kwake. Wengine wamerudi, Mama Zuhura hajarudisha wake mpaka leo. Kazini Mwanaisha aliomba atolewe zamu za usiku. Mimi nilimwomba Njoki msamaha, akaniambia sawa, kwa ile sauti ya watoto ya kutaka mazungumzo yaishe.

Wiki chache baadaye Mwanaisha alibisha mlango, amekuja kuchukua vitu vya Salma, nguo za kulalia, mswaki, kitabu kilichokuwa chini ya mto. Tulijuliana hali vizuri, hatuna ugomvi, nikasema karibu uketi, nikuwekee chai. Akasema chai hapana, maji yatatosha. Nikainuka, akaniwahi. Akachukua glasi kabatini mwenyewe, akaitia sabuni, akaisuuza, akaisuuza tena, na tena, mpaka nikageukia dirishani nisione. Kisha akakinga maji, akaketi, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Tangu hapo nimejiapia kwamba mtu yeyote akila kwangu nitamtajia kila kitu nilichotia sufuriani, hata chumvi, hata mafuta na yametoka wapi, kisha ninyamaze aamue mwenyewe. Wageni wanacheka, wanasema Mama Njoki siku hizi amekuwa kama pakiti ya dukani. Nawaacha wacheke. Mwanaisha hajawahi tena kukaa mezani kwangu nikapata kumtajia.