Gari Lililokuja Likishuka

Nililisikia kabla sijaliona. Nilikuwa shambani kwetu Kirua Vunjo nikipogolea kahawa, mlio ukaja kutoka juu, laini kama wa cherehani. Nakumbuka, mwanangu, jinsi moyo ulivyonidunda: pikapu yangu inakuja.

Nilikuwa nimeuza ng'ombe wetu wote wa maziwa ili ninunue gari la kupeleka ndizi Moshi mjini. Lingeniharibikia, nyumba nzima ingelala njaa.

Muuzaji alikuwa Mzee Elinami, mzee wa kanisa letu la Kilutheri, aliyetuombea tulipomzika baba. Alishuka garini, akasali, akanikabidhi funguo. Niliona haya hata kufungua boneti. Mtu kama huyo unamkaguaje?

Shangazi Aikande, aliyenilea, alimkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwa desturi yetu mwenyeji hunywa kwanza mbele ya mgeni. Akanywa, ndipo akampa kata.

"Mzee, nimeonja kabla yako. Umenuna?"

"Ninune nini, mama? Si ndiyo heshima yenyewe?"

"Basi na wewe tuonjeshe gari. Lipande mlima mpaka kanisani."

Nilimvuta kando. "Shangazi, unaniaibisha! Hukusikia linavyonguruma vizuri?"

"Nimelisikia likishuka. Hata boga linashuka, kijana. Haya, panda."

Tulipanda wote watatu. Hatujafika hata shuleni, nusu ya njia, mvuke ukafoka kwenye boneti, gari likazima. Mzee Elinami alisimama barabarani kofia mkononi. Hakunidanganya, mwanangu. Mwanawe ndiye aliyekuwa akiliendesha siku zote, akamwambia halina tatizo, naye akamwamini mwanawe. Alilipeleka kwa fundi, tukalipandisha tena, safari hii mpaka mlangoni mwa kanisa, ndipo nikalipa. Likabeba ndizi zangu mpaka wewe ukamaliza shule.

Nakueleza haya kwa sababu ya jana. Uliniambia, ukiosha vyombo ili usinitazame, kwamba tangu rafiki yako azikwe, ibadani mkifika kwenye kukiri imani mdomo wako unakataa, na unataka kuacha kwaya kimyakimya. Ulidhani nitafoka.

Imani hiyo tulikupa mimi na mama yako. Hatukukudanganya, nasi tulipewa vivyo hivyo, tukaamini waliotupa. Lakini kwako ilikuwa bado inashuka tu. Sasa umefika kwenye mlima.

Basi nisikilize. Kuuliza si kumtukana aliyekupa. Usichukue kitu kwa sababu tu mwenye nacho anasali, wala usikitupe kwa sababu kimechemka mara moja. Nenda kwa mchungaji, umuulize swali lako lenyewe, usilipunguze makali. Akikwambia hajui, mheshimu kwa hilo. Nawe ukirudi bado huamini, kiti chako mezani ni kilekile, na mimi ni baba yako yuleyule.

Mungu, ambaye sidhani kama anaogopa kukaguliwa, akutangulie huko juu. Akupe pumzi ya kupanda na mtu wa kupanda naye. Vaa sweta, ukungu umeshuka.

Umevaa. Umesimama kidogo kizingitini, ukasema, "Nitachelewa, baba, msinisubiri kula." Kisha mlango umefungwa nyuma yako.