Boya la Subira

Nikisikia harufu ya petroli hushikwa na njaa. Wajukuu zangu hunicheka kila tunaposimama kujaza mafuta, maana hapo hapo huanza kuulizia wali unauzwa wapi. Siwalaumu. Wao hawakukulia katika nyumba ambayo kabureta ilisafishwa hatua chache kutoka jikoni, tui likichemka chunguni na petroli ikinukia bakulini, mpaka pua ya mtoto ikashindwa kutenganisha kipi mafuta na kipi chakula.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kisarawe, upande wa kwendea Marui, enzi za Mwingereza, vita vikiwa vimekwisha na watu wameanza tena kununua kanga mpya. Tuliishi humo na Bibi, mzaa baba, pamoja na wanawe wawili na familia zao. Mmoja alikuwa baba yangu, aliyewahi kuendesha lori la mkonge kule Ruvu. Wa pili alikuwa mdogo wake, Kibwana, fundi wa kulehemu aliyetengeneza koroboi na kuziba ndoo zilizotoboka. Kwangu huyo alikuwa baba mdogo. Binti yake Zuhura alinizidi umri kidogo tu, lakini hicho kidogo alikifanya utawala. Tulilala kitanda kimoja, tukachapwa pamoja, na tukitumwa kisimani tulipeana zamu ya kuogopa.

Gari lilikuwa la ndugu hao wawili kwa ubia. Walilinunua kuukuu kutoka kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago, wakalileta likiburutwa, na jirani yetu akalipa jina Subira. Watu husema subira huvuta heri. Kwetu mambo yalikwenda kinyume, Subira ndiye aliyevutwa, tena kwa kamba, watoto wa kijiji kizima wakisukuma kwa nyuma. Aliwekewa kibanda cha makuti uani, na kila siku baada ya sala ya alasiri Baba na baba mdogo walimwinamia mpaka giza liwatoe.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Baba akizungusha hendeli, gari liliitika, likanguruma kidogo, likatoa moshi mweusi, likakohoa, likazima. Chini yake petroli ilidondoka kutoka kwenye kabureta. Kabureta, kwa wasioijua, ni chombo kidogo cha shaba kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuilisha injini, na petroli ikizidi, injini hupaliwa. Baba alishikilia kwamba mna uchafu, na kwamba uchafu ulitoka kwenye debe la mafuta ya taa ambalo mdogo wake alinunulia petroli. Baba mdogo alishikilia kwamba debe alilisugua kwa mchanga na sabuni, na kama kuna kilichoziba, basi ni ile chelewa ya ufagio ambayo kaka yake aliichonga nyembamba kama uzi na kuchokonolea vitundu vya kabureta. Mwanzoni walibishana wakicheka. Baadaye wakabishana bila kucheka, na mwisho wakaacha kusemeshana kabisa.

Hapo ndipo mimi na Zuhura tulipopata kazi. Baba, akiwa upande huu wa gari, aliniambia nimwambie baba yangu mdogo alete bisibisi. Baba mdogo, akiwa upande wa pili, alimtuma Zuhura amjulishe baba yake mkubwa kwamba bisibisi iko miguuni pake. Tulizunguka gari tukipeleka maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia, na tuliona ni mchezo mzuri. Kisha jioni moja baba mdogo akamtuma Zuhura aseme kwamba anahamia Mlandizi, kwenye shamba la wakwe zake, na kwamba akishatoka, mguu wake hautakanyaga tena ua huu, wala mguu wa mwanawe. Zuhura aliyasema yote kwa ufasaha, kama kawaida yake, mpaka alipofika kwenye huyo mwana, akajitambua kuwa ndiye. Bibi, aliyekuwa akipeta mchele, aliuweka ungo chini.

Nilijua Mlandizi ni mbali. Lakini umbali haukunitisha kama ule mguu. Mtu akihama kwa heri, mtaonana Idi, mtaonana harusini. Akihama kwa kiapo, hata mwanawe utapata habari zake kwa wapita njia. Bibi aliwakumbusha wanawe kwamba si halali Mwislamu kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu. Kila mmoja alikubali kwamba ni kweli tupu, ila mwenye kustahili kuambiwa ni yule mwingine.

Kesho yake akaingia Bi Nyamizi. Sikujua wakati huo kwamba Bibi ndiye aliyemwita. Bi Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, muuza tumbaku pale Kisarawe, na sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani ana ruhusa ambayo hata mama mzazi hana. Alikuta Baba ameifungua kabureta yote na kuanika vipande vyake juani, kwenye ungo wa Bibi, mwenyewe kaingia ndani kuswali. Bi Nyamizi akavikusanya vyote kwenye kanga yake, akafunga fundo, akauweka mzigo mapajani na kukaa kitako mlangoni. Baba alipotoka akaambiwa kwamba hivyo sasa ni mateka, na mateka hukombolewa. Kikombozi chake ni wali wa nazi kwa kuku, na wenye gari wote wawili wale naye sinia moja. Wakikataa, shaba yao itafuliwa bangili. Baba alitaka kukasirika akashindwa, maana kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko kuibiwa. Mimi nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Niliamini amelichukua tumaini letu la mwisho.

Kuku akachinjwa, wali ukaiva. Wale ndugu wakakaa kila mmoja upande wake wa sinia na Bi Nyamizi katikati, wakila macho yakiwa kwenye wali kama watu waliodondosha pete humo. Yeye alikula kwa raha, akawasengenya mbele ya nyuso zao, akawa akichukua mnofu ulio mbele ya mmoja na kuusukuma mbele ya mwenziwe. Walipokwisha kunawa, akalifungua fundo na kutoa kipande kimoja kimoja, akiuliza hiki nacho huliwa na nini. Akashika boya. Hilo ni kijikopo cha shaba kilichozibwa pande zote, kitupu ndani, ambacho huelea kwenye petroli ya kabureta, na petroli ikijaa humo, lenyewe hupanda na kufunga mlango wa kuingizia petroli. Bi Nyamizi akaliweka sikioni na kulitikisa, kama tufanyavyo sokoni tukichagua nazi.

"Mmeshiba nazi mpaka hamsikii," alisema. "Yenu hii ina maji."

Tulicheka wote, na yeye mwenyewe alikuwa akitania tu. Waliokosa kucheka ni Baba na baba mdogo. Baba akanyoosha mkono, akalipokea boya, akalitikisa sikioni pake. Halafu, bila kunitafuta mimi wala Zuhura, akampa mdogo wake.

"Kibwana, hili lina tundu."

Baba mdogo naye akalitikisa. "Linazama, kaka. Ndiyo maana mlango haufungiki." Akageuka kumtazama Bibi. "Mama, tupatie maji ya moto."

Walilizamisha boya kwenye karai la maji ya moto, nasi tukaona viputo vyembamba vikitoka mahali pamoja, kwenye tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Baba akalitia alama kwa msumari. Waliliacha mpaka petroli yote ikatoka na likakauka, ndipo baba mdogo akaliziba kwa tone moja la risasi ya kulehemu, maana likizidi uzito litazama vilevile. Baba ndiye aliyelishika kwa koleo, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Hendeli ilipozungushwa, Subira alinguruma na hakuzima. Bibi aliketi chini akalia mbele za watu, na Bi Nyamizi akadai kuku wa pili.

Nilidhani gari likipona, basi hakuna anayehama. Kumbe baba mdogo alikwisha kuamua kabla hata ya lile debe. Shamba letu halikututosha sote. Mama alinieleza nilipokuwa mkubwa kwamba shemeji yake alishindwa kumuaga kaka yake, akaona ni rahisi zaidi kugombana naye kwanza. Kilichofutika kwenye lile sinia ni kiapo tu. Lakini kiapo ndicho kilichokuwa kinatuua.

Subira ndiye aliyewahamisha. Mimi na Zuhura tulipanda juu ya godoro, tukaimba njia nzima, tukawapungia mikono watu wa Kibaha kama maharusi. Tulipofika Mlandizi, baba mdogo alimshika Baba mkono, akamwomba radhi, Baba akampa. Mimi na Zuhura tukaahidiana kuonana Idi, na kweli tulionana Idi ile na nyingi nyinginezo. Sikulia.

Wakati wa kurudi nilikaa mbele na Baba. Tulipoipita Kibaha, kwenye mikorosho, akasogeza gari kando ya njia, akashuka, akafungua boneti, akainama. Alikaa humo muda mrefu mpaka nikaingiwa na hofu.

"Baba, ni boya tena?"

"Ndiyo, mwanangu," alijibu, kichwa kikiwa ndani bado. "Ni boya."

Nikaliombea dua lile boya. Ilinichukua miaka, mpaka nami nilipomsindikiza ndugu yangu akihama na kurudi peke yangu, ndipo nikakumbuka kwamba muda wote ule injini ilikuwa ikinguruma vizuri, haikukohoa hata mara moja. Baba alikuwa akimlilia mdogo wake, na katika njia nzima ile hapakuwa na mahali pengine pa kuuficha uso wake nisiuone.