Machozi ya Shemeji

Mama alipofariki, mume wa dada yangu alilia kuliko sisi watoto wa marehemu. Majirani wa mtaa wetu wa Pasiansi walimshika mabega wakimbembeleza. Baadaye nilizunguka nyuma ya nyumba kufuata sufuria, nikamkuta peke yake anatazama video kwenye simu na kucheka, uso mkavu kabisa. Aliponiona hakushtuka.

"Pole sana, shem," alisema, na sauti ikaanza kutetemeka palepale.

Sikumwambia mtu. Nani angeniamini? Huyu ndiye aliyewainamia wazee wote na shikamoo zake, aliyewakimbiza wagonjwa wa mtaa hospitali kwa gari lake.

Tangu siku hiyo nilimtazama kwa jicho jingine. Dada alianza kupoteza vitu: funguo, kitambulisho cha kazi, miwani. Vilionekana baadaye kwenye friji au ndani ya ndoo ya mchele.

"Dada yako anasahau sana siku hizi," shemeji aliniambia kwa huruma. "Anaona aibu. Mwache kwanza apumzike."

Pamoja na wasiwasi wangu wote, nilimsikiliza. Nikaacha kwenda kwao.

Nilikuja kukutana na dada sokoni, kwenye meza za sangara. Aligeuza uso.

"Si umesema mimi nimerukwa na akili?"

"Nani kakwambia?"

Alimtaja mumewe. Tukakaa juu ya kreti tupu, tukaanza kulinganisha: yeye aliambiwa nini, mimi niliambiwa nini.

"Ile miwani," dada alisema, "nilimwona mwenyewe akiifukia kwenye mchele. Nikajiambia nimeota."

Wiki hiyo alihamia kwa shangazi yetu, mjini Nansio. Shemeji hakumfuata wala hakuuliza.

Nilimweleza mshauri wa saikolojia habari za shemeji, nikamuuliza kama huyo ndiye wanayemwita saikopathi. Alisema hawezi kumpima mtu ambaye hajamwona. Ila wapo watu, alisema, ambao maumivu ya mwenzao hawayahisi, ingawa wameyasoma vizuri kuliko sisi tunaoyahisi.

Dada anaendelea vizuri, lakini akiletewa maneno yangu hupiga simu kwanza: "Ni wewe kweli umesema hivyo?" Nami nina mchumba sasa, mtu mpole. Akiniletea hata ndizi, najiuliza anataka nini. Hilo sijamwambia.