Mpishi na Macho ya Kijibwa

Kila asubuhi mpishi wa Bibi Mdachi, hapa Rumonge, humpakata yule mbwa mdogo mweupe wa Bibi, amfute machozi kabla hayajaacha michirizi myekundu. Huchemsha maji, akayaacha yapoe, kisha hufuta kwa kitambaa cha bafta, taratibu, na kukausha manyoya. Kidole kitupu hakigusi chozi, maana yeye ni mtu wa swala na majimaji ya mbwa ni najisi. “Nyamaza, mutoto. Nani amekupiga?” humbembeleza. Sisi wauza dagaa hucheka.

Jana mashua ilimchukua Bibi kwenda Usumbura, mbwa akabaki ufukweni akilia. Mpishi hakutafuta kitambaa. Alimfuta kwa kidole gumba. Adhana iliposikika akateremka ziwani, akausugua mkono kwa mchanga na maji, mara saba kama ilivyoamriwa. Mbwa akamfuata, macho yamelowa tena. Mpishi akautazama mkono wake safi, akainama, akamfuta.