Siku Nilipokalia Kiti cha Marehemu Kule Kayanga

Ngojeni nijicheke mimi kwanza, ndipo nanyi mcheke, maana najua mmeshasikia nusu ya habari hii pale Omurushaka na nusu hiyo imetiwa chumvi (eti nilivaa gome la mti kama watu wa zamani, eti nilicheza ngoma, uongo mtupu, nilikuwa na suti yangu ya kijivu, ile ya siku za mahafali). Lakini kwamba nilikaa kwenye kiti cha marehemu mbele ya ukumbi mzima na nikawapungia watu mkono, hilo ni kweli, na nikilikumbuka nikiwa peke yangu mpaka leo nafunika uso kwa viganja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Igurwa, na si mwalimu tu, ni mwalimu wa nidhamu, yule anayesimama mlangoni asubuhi na saa mkononi, anayewaambia watoto kwamba mtu mwenye adabu hupiga hodi, huuliza, halafu hukaa pale anapoonyeshwa. Hilo mliweke akilini.

Naishi na mama. Mama yangu ana presha ya macho, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba mwanga uliokwisha kupotea haurudi, na uliobaki nao unaondoka kidogo kidogo. Siku hizi anaona mbele tu, padogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hapo penyewe mpaka pawe na mwanga mkali. Ndani ya nyumba yetu, iliyozungukwa na migomba pande zote, haoni kitu, anatembea kwa kupapasa ukuta.

Sasa, mama na wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani wana ugonjwa wao mwingine, unaitwa Mjomba Byera. Ni mwigizaji wa jukwaani, anazunguka na kikundi chake Karagwe na Kyerwa yote, na katika kila mchezo, apewe nafasi ya mzee, ya mlevi au ya mgambo, lazima atatoka na enanga yake mapajani, ile ya ubao mrefu wenye nyuzi, apige na aimbe. Jumapili mchana redio inamrusha. Wanawake hao hujaa kwenye baraza yetu na redio katikati, na ole wako ukohoe. Wakimaliza kuisifu sauti wanaanza kusifu utu: jinsi alivyosimamisha gari la kikundi kule Nkwenda akampakia bibi aliyekuwa na mkungu wa ndizi kichwani, jinsi anavyobaki baada ya mchezo kuwasalimia wazee mmoja mmoja, hana haraka, hana maringo. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari yangu nikiwaonea huruma (mapenzi gani haya kwa mtu wa redioni!).

Jumapili moja, wenzake walipokwisha kuondoka, mama akaniambia, "Deo, nimesikia Byera anakuja Kayanga. Sauti yake naijua. Nataka nimwone uso mara moja tu, kabla hii taa yangu haijazimika." Alisema kwa upole tu, kama anayeomba chumvi mezani. Nikaenda nje nikajifanya naangalia kahawa iliyoanikwa.

Siku ilipofika tulipanda mchomoko mapema, yale magari madogo ya abiria, mama kavaa gauni lake la Pasaka, amenishika mkono njia nzima. Mpango wangu ulikuwa mmoja: kukaa mbele kabisa, karibu na taa. Lakini tulipofika ukumbini saa tisa mchana foleni ilikuwa imefika barabarani, mvua ndiyo hiyo inaanza, na mtu mmoja anatoka ndani anasema mbele kumejaa. Mama hakulalamika. Aliuliza tu, "Bado tuko mbali?" Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikaona mlango wa nyuma uko wazi, sikupiga hodi, sikuuliza mtu, nikamshika mama tukaingia.

Kulikuwa na giza, tukapita nyuma ya pazia moja jeusi, tukatokea mahali pazuri hasa. Nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, migomba kwa nyuma, mkeka mpya, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na katikati kigoda kimoja kilichochongwa vizuri. Mbele yetu, kwenye kiza, niliona vichwa vya watu wengi wanatutazama. Mtu wa kwingine angeshtuka. Mimi sikushtuka hata kidogo, kwa sababu nyie wenyewe mnajua sherehe zetu: mgeni rasmi tunamweka wapi? Si tunamweka mbele, anatazamana na watu, nyasi miguuni na kahawa pembeni? Na mwalimu mwenye suti huku kwetu huitwa huko mbele hata kama hakualikwa. Nikasema moyoni, kumbe wametufikiria.

"Mama, kaa kwenye kigoda."

"Kaa wewe, mimi nimezoea mkeka."

Nikakaa. Mara taa zote zikawaka, kali, zikatuelekea sisi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikaona si adabu kukaa kimya. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikapunga mkono kulia na kushoto, nikasema kwa sauti ya mahafali, "Bwana Yesu asifiwe!" Wakaitikia "Ameni!" kwa nguvu ajabu. Nikakaa tena, na (Mungu anisamehe) nikakunja nne.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mchezo wenyewe ulihusu ndugu wawili wanaogombea kiti cha baba yao aliyefariki, na kwamba kiti kile kilitakiwa kibaki kitupu tangu mwanzo mpaka dakika ya mwisho kabisa, ndipo mrithi akalie, watu walie. Mimi nilikuwa nimeshakikalia, mchezo haujaanza.

Akatoka mwanamke amejifunga kitambaa cha msiba, analia kweli kweli. Akaniona. Kilio kikakatika. Akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Wewe ni nani, unakalia kiti cha marehemu?"

Nami kwa ustaarabu wangu wote nikamjibu, "Samahani dada, hatukukuta jina la mtu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho nikasikia sauti ninayoifahamu, ya mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita, anapiga kelele, "Mwalimu amerithi!" Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nikatazama nyuma nikaona ile migomba niliyodhani ni mapambo ni picha kwenye shuka. Masikio yakawaka moto. Nikaruka kutoka kwenye kigoda, mguu ukakipiga kibuyu cha watu, kikabingirika mpaka kwenye benchi la tatu, na nilipotaka kukimbia nikahisi nimevutwa koti. Ni mama, hajui hili wala lile, anauliza, "Deo, ameshatoka? Mbona watu wanacheka?" Nikakwama hapo. Kukimbia na kumwacha siwezi, kumwambia kwamba nimemleta kuchekwa nako siwezi. Sijawahi kujiona mpumbavu kama saa ile.

Kumbe alishatoka. Mjomba Byera alikuwa amesimama pembeni na enanga kifuani, anatutazama. Ni mwembamba kuliko sauti yake. Nilingoja anifukuze, na haki ilikuwa yake. Yeye alimtazama mama, akaona yale macho yanavyotafuta hewani, akaelewa bila kuambiwa. Akaja akapiga magoti kwenye nyasi.

"Shikamoo mama."

Mama akashtuka, maana sauti hiyo angeitambua hata usingizini. "Marahaba mwanangu. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nyumba hii ina msiba, na tulikuwa tunamngoja mama wa kutufariji. Karibu kahawa."

Akampa kile kikapu. Mama akatafuna punje moja, halafu akatikisa kichwa. "Waitu, jamani, hii hamkuichemsha. Mmeianika tu."

Watu walicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kingine, cha nyumbani, na Byera naye alicheka mpaka akaweka enanga chini. Akamwambia, "Mama, tumezunguka vijiji vyote hivi na kahawa hii, wewe wa kwanza kutukamata." Kisha akamuuliza anapenda wimbo gani, mama akautaja, akapiga. Jamani, redio inatunyima mengi. Mikono yake iligusa zile nyuzi polepole, akaimba kwa sauti ndogo kama wako wawili tu, na mama akaitikia kiitikio chote bila kukosea, na nyuma yake wakaitikia wale wanawake wa jumuiya, kumbe nao walikuja, wako kule kwenye mabenchi, na hata yule mjane wa kuigiza alikuwa anafuta machozi ya kweli.

Katikati ya wimbo mama akasema, "Nilitaka nikuone uso, ila taa zinanipiga machoni." Byera akanigeukia mimi. "Mwalimu, tusaidie ile taa, mgeuzie mama huku kwangu."

Kazi moja. Kazi moja tu niliyopewa, ile ile iliyotutoa Igurwa. Nikaishika ile taa kubwa ya kwenye chuma, nikaizungusha upande usio wenyewe, ikanipiga mimi usoni, na shingo yake ikagoma. Navuta, haiji. Nasukuma, haiji. Nikabaki nimesimama nimemulikwa, mdomo wazi, jasho na machozi vinashuka pamoja, mpaka wimbo ukaisha. Byera akambusu mama mkono, vijana wa kikundi wakaja kututoa taratibu, wakatuweka benchi la mbele, ambako mama aliambulia vivuli tu, na mchezo ukaanza upya. Sikuuona. Nilitazama viatu vyangu tu.

Baada ya mchezo alitusindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari, mwavuli wote kamwachia mama, yeye analowa, mashabiki wanavuta shati lake nyuma. Akaniambia, "Keshokutwa tuko Kyerwa, Mwalimu, njoo, kiti kimeshakuzoea." Wale watu pale nje hawakuwa wanausema mchezo tena. Walikuwa wanamsifu Byera: yule mtu, yule mtu.

Mimi nilipanda gari nina uchungu. Tulipovuka Kayanga nikashindwa kunyamaza. "Mama, nisamehe. Nimekuaibisha, na uso wake hukuuona. Taa niliigeuza vibaya."

 Akaupapasa mkono wangu.

"Byera nilimsikia, inanitosha. Nilikuona wewe. Umesimama pale, mwanga wote kwako. Umeota mvi hapa pembeni, Deo, na hukuniambia. Na umefanana na baba yako, hasa ukilia."

Tangu siku hiyo napiga hodi hata kwenye mlango wa darasa langu (watoto wanacheka, wacha wacheke), na sikai mahali mpaka nionyeshwe. Ila kuna jambo jingine. Zamani nikitoka shule nilikuwa napita haraka kwenda kwenye madaftari. Sasa nikifika nasimama barazani, upande unaopigwa na jua, namgeukia mama, nami siondoki hapo mpaka aniambie inatosha.