Kisanduku cha Pili

Wauguzi wa wodi ya kwanza aliyoisimamia walimwita Paka, na si kwa sababu ya makucha, ingawa makucha alikuwa nayo. Mumewe alikuwa fundi viatu. Alimshonea viatu vyeupe vya kazi vyenye soli ya mpira laini aliyoichonga mwenyewe, na viatu hivyo havikutoa sauti hata kidogo. Unaweza kuwa umekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa unapiga soga, mara unasikia mtu anakohoa nyuma yako, na siku yako imeshaharibika. Ukali wake mkubwa ulikuwa kwenye karatasi. "Kisichofanyika hakiandikwi," aliwaambia kila zamu, na muuguzi aliyejaza presha ya mgonjwa bila kumpima alikiona cha moto.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo aliwezaje kudanganya kwenye fomu? Lakini alidanganya, tena kwa mkono wake.

Ilikuwa hivi. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta wauguzi wazoefu wa kuja kupandishwa kuwa wasimamizi. Wakala aliyekusanya maombi alikuwa na kiofisi juu ya duka la mapazia, chenye feni iliyolia kuliko ilivyopuliza. Alizipitia karatasi za Paka moja moja mpaka akafika penye hali ya ndoa, akaweka kidole.

"Dada, hapa patakuchelewesha," alisema. "Wasio na familia ndio wanaoitwa kwanza. Tia alama kisanduku cha pili. Ukishafika utarekebisha."

Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha aliyeolewa. Cha pili kilikuwa cha asiyeolewa.

Hakukijaza pale pale. Aliibeba fomu mpaka kibandani kwa mumewe, akamkuta na misumari midogo mdomoni na kiatu cha mtu magotini. Fundi aliisoma, akaitema misumari kiganjani, akacheka. "Weka tu," alisema. "Mimi najijua kwamba nina mke. Karatasi inijue ya nini?" Kalamu ni yeye aliyemtafutia, kwenye kopo la sindano. Mpango wao ulikuwa mwepesi: mke atangulie, mwaka ukiisha arekebishe fomu, mume afuate, na mtoto apatikane huko huko. Walikuwa na miaka minne ya ndoa na walikuwa wanapendana. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani vinginevyo.

Paka akaitwa, akaenda, na mwaka ule wa kwanza wa ng'ambo walivunjika mbavu kwa hiyo fomu. "Haloo, mchumba," ndivyo Fundi alivyopokea simu. "Naongea na yule binti ambaye hajapata wa kumwoa?" Na Paka, amekaa kwenye kitanda chembamba katika bweni la wauguzi, alicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mwaka ulipotimia alishuka ngazi mpaka ofisi ya utumishi, akasimama mlangoni. Wakimwita mwongo je? Wakimrudisha nyumbani mikono mitupu? Kibali chake cha kazi kilikuwa kinakaribia kuisha, akaona heri angoje kwanza kibali. Kibali kikaja, zikazuka tetesi za cheo, akaona heri angoje kwanza cheo. Cheo nacho kikaja, akakabidhiwa wodi ya wazee, vitanda thelathini na sita na wauguzi kumi na wanane chini yake. Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni, maana msimamizi mwongo ni aibu kubwa kuliko muuguzi mwongo. Miaka saba alipiga danadana. Namhurumia, lakini kumtetea siwezi.

Fundi hakuwahi kumsukuma. Miaka mitatu mfululizo alimtumia viatu vipya kwa mkono wa wasafiri, bila kuuliza kipimo. Mwaka wa nne viatu havikuja, na Paka akanunua vya dukani, vigumu, vilivyogonga sakafu kama vya watu wengine. Neno mchumba nalo liliisha, wala hakuona lilipoishia. Siku moja tu aligundua kwamba kwa muda mrefu anaitikiwa haloo tupu. Alikuwa ametimiza miaka arobaini na mitatu, na kwa kuwa alikuwa muuguzi hakuhitaji kuambiwa na mtu habari za mtoto. Alijuta. Alijuta akipanga zamu, alijuta akikunja shuka, na wauguzi wake wakadhani ana kisirani.

Siku moja alimkamata muuguzi kijana aliyejaza joto la wagonjwa watatu bila kuwapima.

"Kipimajoto kiliisha betri, msimamizi," binti alijitetea. "Na yule bibi joto lake ni lile lile kila siku. Niliandika karibu na ukweli."

Paka akafungua kinywa atoe hotuba yake ya siku zote, nayo ikagoma kutoka. "Kawapime," alisema tu, akaenda kujifungia stoo ya mashuka mpaka uso ulipokauka.

Wiki ile ile akapigiwa simu na rafiki yake aliyerithi wodi yake ya zamani nyumbani.

"Dada, usishtuke," rafiki alianza. "Shemeji tulimlaza juzi. Ngiri ilimbana, ameshapasuliwa, na leo kanywa uji. Hilo limekwisha. Ila kuna jambo limenikaa rohoni. Fomu alijaza mwenyewe. Ndugu wa karibu kaandika dada yake. Hali ya ndoa kaandika hana mke. Nikafikiri ni maumivu, nikamwambia shemeji, hapa umekosea. Akasema hajakosea."

Paka alimshukuru, akakata simu. Siku mbili alijikaza. Ya tatu akampigia mumewe, ambaye alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani na amelala akiuguza kidonda.

"Umeniacha, Fundi?"

"Nani kakuacha?" Sauti yake ilikuwa ya uchovu, haikuwa ya hasira. "Wewe huko kwenye karatasi huna mume. Mimi huku nikiandika jina lako kwamba ni mke wangu, siku mtu akilinganisha si utafukuzwa? Naandika kama ulivyoandika wewe. Benki hivyo hivyo, kadi ya chama cha mafundi hivyo hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Paka alilia kwa aibu. Miaka yote ile yeye alikuwa anaogopa uongo wake utajulikana, kumbe kuna mtu alikuwa anaulinda, bila kuombwa na bila kujisifu.

Asubuhi yake hakusimama mlangoni. Ofisa utumishi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwezi huu wewe ni wa tatu," alisema, akavuta droo. Paka angepewa barua ya onyo, ingekaa kwenye faili lake, basi. Akapewa fomu ya masahihisho, akatia alama kisanduku cha kwanza. Kilichobaki ni nakala ya cheti cha ndoa na barua ya mume, kwa mkono wake mwenyewe, inayokiri kwamba huyu ni mkewe. Shughuli nzima ilichukua robo saa, pamoja na mashine ya nakala iliyokwama. Miaka saba alikuwa amekikimbia chumba kile kwa ajili ya robo saa.

Alimpigia Fundi akiwa bado kwenye korido, fomu mkononi, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Ni barua tu, Fundi. Mistari miwili. Andika kwamba mimi ni mke wako, halafu uje."

Upande wa pili kitanda kililia, Fundi akijiinua.

"Mara ya kwanza kuandika kwamba sina mke," Fundi alisema, "mkono ulitetemeka mpaka karani akaniuliza kama naumwa. Safari hii pale hospitalini niliandika kama ninavyoandika jina langu. Nilipouona mkono umetulia, ndipo nilipoogopa."

"Basi sasa andika kwamba unaye."

"Nitaandika," alisema taratibu. "Lakini nipe siku kadhaa, mama. Nataka nikae nifikirie. Sitaki kuandika uongo tena."

Paka maisha yake yote ya kazi alikuwa amewafundisha watu wasiandike wasichokuwa na hakika nacho. Akaikunja fomu, akapanda ngazi kurudi wodini.