Sindano ya Chakula

Ninyi mliokulia upande wa Soy, karibu na Eldoret, miaka ile kampuni za kununua mashamba zilipokuwa zikigawa ardhi ya wazungu, hebu semeni kama nadanganya: baridi ilikuwa baridi kweli. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, nasi tunakwenda shule miguu mitupu. Ukimkuta ng'ombe amelala unamwinua, unasimama pale alipotoka mpaka nyayo zipate joto, halafu unakimbia kumtafuta mwingine. Wajukuu wangu wana soksi za kuvaa kitandani na bado wanalalamika.

Sisi tulikaa kwenye banda la farasi. Shamba lilikuwa limeshanunuliwa lakini serveya, yule mpima ardhi, hajaligawa, kwa hiyo familia nane zikajipanga katika nyumba ya yule mzungu na mabanda yake. Waliotoka Nyeri mapema walipata vyumba vyenye dari. Sisi tuliochelewa tukapewa banda, lenye milango iliyokatwa katikati, nusu ya juu inafunguka peke yake. Mimi na dada yangu Nyambura tulitoa vichwa pale juu tukilia kama farasi, na Cucu, nyanya yetu mzaa baba, akitufukuza na mwiko. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza, tukaiba matunda ya lokwati kwenye bustani iliyoota magugu, tukala githeri, mahindi na maharagwe, yenye ladha ya moshi. Baba alifanya kazi ya reli Nairobi na tulimwona mwisho wa mwezi.

Nyambura alipofika miaka kumi akaanza kunywa maji. Alikunywa ndoo, wee, akakonda mpaka sweta ikamvaa yeye. Mama akampeleka hospitali mjini Eldoret, na waliporudi baada ya wiki tatu tukaambiwa ana ugonjwa wa sukari, na atachomwa sindano kila asubuhi maisha yake yote. Mimi nililia kwa wivu, maana alirudi na kasha la bati lenye vitu vya kung'aa.

Ndani yake mlikuwa na sindano ya kioo, iliyochemshwa kwenye sufuria yake yenyewe. Ole wako uchemshie yai humo. Ncha zake zilikuwa za chuma, na Mama alizinoa kwenye jiwe zilipopoteza makali. Chupa ya dawa ilizikwa kwenye chungu chenye mchanga mbichi, pembeni pasipofika jua. Lakini kitu kilichotupagawisha sisi watoto ni kile tulichokiita kijiti, kineli cha kioo cha kupimia mkojo. Unatia dawa ya buluu, unadondoshea matone manane ya mkojo wa Nyambura, unachemsha, kisha unangoja. Ikibaki buluu, mambo ni sawa. Kijani, si mbaya. Njano, rangi ya chungwa, na mwisho kabisa nyekundu ya matofali, hapo pana shida. Watoto wa familia nane walijaa mlangoni kutazama. Nyambura alijisikia malkia. Mama, ambaye hakuwahi kukalia dawati, alizijua zile rangi kuliko mwalimu wetu alivyoijua ramani ya Kenya.

Sasa sikilizeni kosa letu. Dresa, mhudumu wa hospitali, alikuwa amesema, sindano kabla ya chakula. Sisi tukafupisha, tukaiita sindano ya chakula. Lilikuwa jina zuri, na lilituingia vichwani lote. Tena tulishaona siku moja Nyambura amechomwa, akakimbilia mchezo bila kunywa uji, akaanguka akitetemeka mpaka Mama alipompaka asali mdomoni. Kwa hiyo kila mtu pale bandani alijua: sindano bila chakula ni hatari.

Mvua za Aprili zikaja, na homa ikaingia bandani. Mimi nikaugua nikapona. Nyambura akashikwa vibaya, akatapika hata maji. Asubuhi Mama alikuwa ameshachemsha sindano, ameishika mkononi, Cucu akamzuia. Alimuuliza kwa upole kabisa, sindano ya chakula utamchomaje mtoto ambaye hajala? Mama akafikiri, akaona ni kweli, akairudisha kwenye kasha. Kesho yake ikawa vilevile. Hakuna aliyefanya ubaya. Tulikuwa tunamlinda.

Mchana wa siku ya pili nilikaa karibu naye nikasikia harufu ya ndizi mbivu. Nikakasirika, haki. Nilidhani amefichiwa ndizi kwa sababu anaugua, nikamwambia nionjeshe. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina, na midomo imekauka. Nikaenda kushtaki kwa Mama kwamba Nyambura anakula ndizi peke yake.

Mama akaacha kufua. Ndizi hazikuwepo nyumbani wiki nzima, na yeye alilijua hilo. Akainama akanusa mdomo wa mtoto, kisha akachukua kile kijiti akapima. Tulizoea rangi ipande polepole. Siku ile iliruka, haikupita kijani wala njano, ikawa matofali mara moja. Namwona mpaka leo, amekiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Sukari hii inatoka wapi," akasema, "na hajala kitu siku mbili?"

Mama alijijibu mwenyewe. Alisema kama inatoka na chakula hakuna, basi inatoka mwilini, na kama inatoka mwilini, sindano si ya chakula. Jamani, mimi nimesoma, nimefundisha biolojia miaka thelathini, na sijawahi kuona akili ikifanya kazi namna ile. Akachemsha, akavuta dawa kwa kipimo chake cha kila siku, akachoma. Akamfunga mgongoni kwa shuka, mtoto wa miaka kumi na mmoja, miguu inaburura. Mama Chebet, jirani yetu Mnandi aliyetuletea maziwa ya mursik kila Jumapili, akamwita mumewe atoe trekta. Wakaenda kwenye tope lile mpaka Soy, na kutoka Soy wakapata lori la mahindi hadi hospitali.

Siku tatu hatukujua kama yuko hai. Cucu hakula. Alikaa ameliangalia lile kasha tupu. Mimi nilijua moyoni kwamba dada yangu anakufa na neno langu la mwisho kwake lilikuwa la kuomba ndizi.

Aliishi. Mama alirudi na maneno ya sista wa wodi, akatukalisha wote, hata watoto wa majirani, akayasema taratibu ili yatuingie kama lile jina lilivyotuingia:

"Mtoto akiugua mwili unamwaga sukari wenyewe, hata kama hajala. Sindano haiachwi hata siku moja. Chakula kikikataa, anywe maji kidogo kidogo, na uji mwepesi au chai ya sukari kwa kijiko. Mkojo upimwe kila mara. Akitapika bila kukoma, au mdomo ukinuka kama ndizi mbivu, au rangi ikikataa kushuka, ni hospitali, hakuna kungoja kesho."

Cucu alipinga hapo kwenye chai ya sukari. Mwaka mzima ameambiwa sukari ni sumu kwa huyu mtoto, leo tena anyweshwe kama dawa? Lakini homa iliporudi mwaka uliofuata, yeye ndiye aliyeshika kijiko, na Mama akashika kijiti. Sindano, kijiko, kijiti, mchana kutwa, matofali ikashuka ikawa chungwa, chungwa ikawa njano. Ilipofika kijani Cucu akaimba wimbo wa kanisani.

Siku hizi mjukuu wa Nyambura ana ugonjwa uleule. Amebandikwa kitu mkononi, kidogo kama kifungo cha shati, na simu yake inalia sukari ikipanda. Ncha ya sindano yake ni nyembamba kama unywele, na bado anakunja uso. Tunamcheka, lakini nafurahi mpaka machozi. Simu hiyo ni ajabu. Ila haijawahi kumbeba mtu mgongoni mpaka kwenye trekta.

Mama alikufa mzee sana. Mwishoni alikuwa ametusahau wote. Mimi aliniita jina la shangazi yangu. Mchana mmoja daktari kijana aliyekuja kumpima alikohoa. Mama akafumbua macho, akamkamata mkono.

"Umechomwa leo?" akamuuliza.

Kijana akatabasamu, akaanza kumweleza kwamba yeye hana sukari. Mama hakumwachilia. Nyambura, nywele nyeupe, miwani minene, akainuka kwenye kiti, akautoa ule mkono wa Mama pale polepole akaushika yeye.

"Nimechomwa, Mama," akasema. "Hata ile siku ambayo sikula, nilichomwa."